Tenisi ya Odyssey: Mchezo wa Video Usiohesabu Pointi

Magnavox Odyssey ni mashine ya kwanza ya michezo ya video iliyotengenezwa ili iuzwe kwa watu wa kawaida na kuchezwa nyumbani. Iliingia madukani nchini Marekani mwaka 1972, kwa bei iliyokaribia dola 100, ikiwa na michezo 12 ndani ya boksi moja. Mingi kati ya michezo hiyo imekwisha ladha kwa mchezaji wa leo, kwa kuwa inategemea dadu, kadi na ubao wa karatasi kuliko kinachotokea kwenye kioo cha runinga. Miwili, hata hivyo, bado inajitegemea: tenisi ya meza na tenisi ya uwanjani. Hiyo ndiyo ninayoihakiki hapa, baada ya kuicheza kwenye mashine halisi iliyounganishwa na runinga ya zamani ya kioo kizito, pamoja na mpinzani ambaye, kama mimi, amezoea michezo ya kandanda ya siku hizi inayoonyesha hadi jasho la wachezaji.

Nilitaka kujua jambo moja tu: watu wawili wakikaa mbele ya mashine hii leo, watashindana kwa dhati, au wataitazama kwa heshima kwa muda mfupi, kama mtu atazamavyo chungu cha kale katika jumba la makumbusho, kisha wainuke waende zao? Jibu langu ni kwamba watashindana, tena kwa makelele, na kinachowafanya washindane ni kile kile ambacho wengi wangekitaja kuwa kasoro yake kubwa. Mashine hii haijui hata sheria moja ya mchezo unaochezwa juu yake.

Ndani ya Odyssey hamna prosesa, hamna kumbukumbu, hamna programu. Mna vipande vidogo vya kuongoza umeme tu, transista zipatazo 40 na dayodi za idadi kama hiyo, vilivyopangwa ili kutoa nukta tatu za mraba na mstari mmoja wa wima, vyote vyeupe juu ya kioo cheusi. Nukta mbili ni wachezaji, ya tatu ni mpira, na mstari ni wavu. Hakuna sauti ya aina yoyote, wala tarakimu za kuonyesha nani anaongoza. Kadi zinazochomekwa kwenye mashine, ambazo mtu wa leo angedhani zimebeba mchezo ndani yake, hazikubeba kitu zaidi ya njia za umeme: kila kadi huunganisha sehemu fulani za saketi na kuziacha nyingine, na kwa kufanya hivyo hubadili tabia ya nukta na mstari. Hata swichi ya kuwashia haipo. Mashine huwaka kadi inapochomekwa na huzimika inapochomolewa, kwa hiyo mchezaji msahaulifu anayeiacha kadi mahali pake atakuta betri zote sita zimekwisha.

Aliyebuni wazo hili ni Ralph Baer, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sanders Associates huko Nashua, New Hampshire, iliyojishughulisha na vifaa vya kijeshi. Aliandika maelezo yake ya kwanza mwaka 1966, na fundi Bill Harrison akamsaidia kuunda mashine za majaribio. Mwanzoni nukta zilikuwa mbili tu, moja ikiifukuza nyingine, na hakuna awezaye kufukuzana na nukta kwa muda mrefu bila kuchoka. Aliyeuokoa mradi ni Bill Rusch, ambaye mwaka 1967 alipendekeza iongezwe nukta ya tatu itakayoendeshwa na mashine yenyewe, badala ya mchezaji. Hapo ndipo mpira ulipopatikana. Mtu akiicheza tenisi ya meza ya Odyssey huku akilijua hilo, hataacha kushangaa jinsi mchezo wote unavyoning'inia kwenye nukta hiyo moja. Ukiiondoa, zinabaki taa mbili zinazozunguka gizani.

Kidhibiti ni kisanduku kikubwa kisichoshikika mkononi kwa raha, kwa kuwa kilikusudiwa kuwekwa mezani au sakafuni na kuchezwa kwa mikono miwili. Kina swichi tatu za kuzungusha, za aina ya zile za kuongezea sauti redioni. Moja humpandisha na kumshusha mchezaji, ya pili humsogeza kushoto na kulia, na ya tatu, iliyochomoza kutoka katikati ya mojawapo ya hizo mbili, huupinda mpira. Juu ya kisanduku kuna kitufe kimoja cha kuurudisha mpira uwanjani baada ya kupotea. Mwanzoni vidole vinagongana na akili inachanganyikiwa, kwa sababu hakuna kidhibiti cha kisasa kinachomtaka mtu afikirie juu na chini kwa mkono mmoja, mbele na nyuma kwa mkono mwingine. Ugumu huo hauchukui muda mrefu kuisha, na ukishaisha, swichi za kuzungusha zinatoa kitu ambacho vitufe vya mishale haviwezi kutoa: mchezaji anakwenda haraka au polepole kadiri ya mkono wenyewe, na anasimama pale pale mkono unaposimama.

Swichi ya tatu ndiyo roho ya mchezo, na ndiyo inayostahili maelezo marefu. Mpira wa Odyssey huvuka kioo kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kasi iliyowekwa kwa swichi nyingine iliyo kwenye mashine, lakini kupanda na kushuka kwake si kwa hiari yake. Kunafuata mkono wa mchezaji aliyeugusa mwisho. Maana yake ni kwamba, nikishaupiga, mpira unaendelea kuwa wangu mpaka mpinzani auguse. Ninaweza kuupandisha ukiwa njiani, kuushusha, kuupandisha tena, na kumlazimisha aliye upande wa pili ahangaike akiufuata. Katika tenisi ya kweli mpira ukishatoka kwenye raketi umeshatoka. Hapa unaburutwa kama umefungwa kamba, na hilo si tenisi hata kidogo, lakini ni mchezo mzuri.

Mtu anayeanza huizungusha swichi hiyo kwa fujo, na matokeo yake ni kuupoteza mpira wake mwenyewe, kwani juu na chini ya kioo hakuna ukuta wa kuudundisha. Ukipelekwa juu kupita kiasi unatoka na kupotea. Anayejifunza hugundua kwamba faida iko katika kuchelewa. Ukiupinda mapema, mpinzani ana nafasi ya kuuona na kujipanga. Ukiuacha uende sawasawa mpaka uvuke wavu, kisha ukauzungusha kwa ghafla, anabaki akiitazama nukta yake ikifika pahali ambapo mpira umeshaondoka. Dawa ya hila hiyo ni kusogea mbele, karibu na wavu, ili kuukata mpira kabla haujapata muda wa kupindwa, ingawa anayesogea mbele naye hujipunguzia muda wa kuitikia. Kuna basi mvutano wa kweli kati ya kukaa nyuma na kuja mbele, uleule unaowasumbua wachezaji wa tenisi viwanjani, na umetokana na swichi tatu na nukta tatu. Sikutarajia kuukuta hapa.

Ulinganisho na Pong, mchezo mwingine wa kale wa tenisi ya meza, hauepukiki. Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Atari, aliiona Odyssey katika onyesho lililofanyika Burlingame, California, tarehe 24 Mei 1972, na mwaka huohuo mhandisi Allan Alcorn akaiundia Atari mashine ya Pong, iliyowekwa kwanza mahali pa starehe na kulipiwa sarafu. Magnavox, kampuni iliyoiuza Odyssey, ilifungua kesi dhidi ya Atari, na mwaka 1976 Atari ilikubali kulipia leseni. Pong ilikuwa na vitu vyote vinavyokosekana hapa: pointi zilizoandikwa juu ya kioo, mlio wa mpira unapogongwa, na kuta za kuudundisha. Ni mchezo safi zaidi, na ndiyo sababu dunia nzima inaukumbuka huo na si huu. Hata hivyo, mchezaji wa Pong hupanda na kushuka tu, hawezi kusogea mbele, na mpira ukishaondoka kwake hana tena la kuufanya. Kwa mtu anayetaka kuelewa mchezo kwa sekunde chache, Pong inashinda. Kwa anayetaka kumlaghai mpinzani wake, nami ni mmoja wao, Odyssey ina zaidi ya kumpa.

Ulaghai, lakini, una mipaka ambayo mashine haiwezi kuiweka. Mstari wa katikati ni picha tu. Haumzuii mtu kuuvuka. Mpinzani wangu aligundua hilo kabla yangu, akaileta nukta yake upande wangu, akaisimamisha karibu kabisa na mimi, na kila nilipougusa mpira yeye aliurudisha papo hapo kabla sijapata hata nafasi ya kuinua kidole. Mashine haikusema lolote. Tulilazimika kusimamisha mchezo na kukubaliana kwamba hakuna ruhusa ya kuvuka wavu, kisha tukakubaliana kuhusu idadi ya pointi za kumaliza seti, kisha kuhusu nani aanzishe, na mwisho kuhusu suala lililochukua muda kuliko yote: kama kuuyumbayumbisha mpira juu na chini mfululizo ni ustadi au ni ukorofi. Tuliamua kuwa ni ustadi. Watu wengine wangeamua vingine, na mchezo wao ungekuwa tofauti na wetu ingawa kadi na mashine ni zilezile.

Tenisi ya uwanjani huchezwa kwa kadi nyingine, na inakuja na kitu ambacho vijana wa leo wanapokionyeshwa hudhani ni mzaha: karatasi ya plastiki angavu, iliyochapishwa uwanja wa tenisi, ya kubandikwa juu ya kioo cha runinga. Haina gundi, inashikwa na umeme tuli wa kioo chenyewe. Boksi lilikuwa na karatasi hizo za saizi mbili, ili mwenye runinga kubwa na mwenye ndogo wote wapate ya kwao. Taa za chumba zikipunguzwa, nukta hung'aa zikipita nyuma ya rangi ya plastiki, na nakiri kwamba sura yake inapendeza, kwa namna ambayo picha kavu ya nukta nyeupe juu ya weusi haipendezi.

Tatizo ni kwamba mashine haina habari kuwa kuna plastiki. Mistari ya uwanja ipo kwa ajili ya macho ya wachezaji tu, na macho ya wachezaji wawili hayaoni kitu kimoja. Nukta inang'aa ndani ya kioo, ilhali mstari uko nje yake, na unene wa kioo cha runinga ya zamani si mdogo. Aliyekaa kushoto anaona mpira umepita ndani ya mstari. Aliyekaa kulia, akiutazama mpira uleule kwa pembe nyingine, anaona umetoka. Wote wawili wanasema kweli. Tulijaribu kukaa bega kwa bega katikati ya runinga, na mabishano yakapungua, ingawa vidhibiti vyenye ukubwa huo havikuumbwa kwa watu waliobanana. Mtu wa tatu akikaa nyuma yao kama mwamuzi, mchezo huenda vizuri kuliko hapo, naye hatakosa kazi.

Ukimya nao una athari yake. Katika mchezo wa kisasa mlio wa mpira, kelele za mashabiki na sauti ya mtangazaji humwambia mchezaji ahisi nini, na pointi zilizo pembeni ya kioo humkumbusha hali yake kila wakati. Hapa chumba kinasikika. Zinasikika swichi zikizungushwa, pumzi za mtu aliyekazana, na hesabu inayotajwa kwa sauti baada ya kila pointi, kwa sababu isipotajwa itapotea. Kutaja pointi ya mpinzani kwa kinywa chako mwenyewe, tena baada ya kuchezewa hila ya dakika ya mwisho, ni jambo lenye uchungu wa aina yake, na sijui mchezo wa video wa leo unaomdai mtu hilo.

Nisije nikaonekana kuusifu kupita kiasi, hauwezi kuchezwa na mtu mmoja. Hakuna mpinzani wa kompyuta, kwa kuwa hakuna kompyuta, na kuzungusha swichi za pande zote mbili peke yako ni kujitafutia kichaa. Hata mkiwa wawili, baada ya seti kadhaa mtakuwa mmeona kila hila inayowezekana, na kinachobaki ni kasi na ushindani wa watu wenyewe. Wapinzani wanaotofautiana sana kwa uwezo watachoka mapema, maana mashine haina njia ya kumpunguzia nguvu aliye bora, ila kwa kuishusha kasi ya mpira kwa wote. Hoki, ambayo nayo ina karatasi yake ya plastiki, inachekesha mara moja au mbili. Mchezo wa kuteleza kwenye theluji unamtaka mtu aipitishe nukta yake kwenye njia iliyochapishwa, huku mwenzake akimhesabia muda na kumwamini. Huo niliuacha upesi.

Anayetaka kucheza leo atakutana kwanza na suala la runinga. Odyssey hutoa mawimbi ya analogi kwa chaneli ya 3 au 4, kupitia kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye skrubu za antena. Runinga nyingi za sasa hazina skrubu hizo, na zile zinazopokea mawimbi ya kidijitali peke yake hazitaonyesha chochote. Vifaa vya kugeuza mawimbi vipo, lakini baadhi huchelewesha picha, na katika mchezo unaotegemea kuupinda mpira wakati wa mwisho kabisa, hata ucheleweshaji mdogo unauharibu. Plastiki nazo zilikatwa kwa umbo la vioo vya zamani, ambavyo upana wake ulikaribiana na kimo chake. Kwenye runinga pana hazilingani na picha, na kioo chembamba cha kisasa hakina umeme tuli wa kuzishika. Ushauri wangu ni kutafuta runinga ya zamani kabla ya kuitafuta mashine yenyewe.

Njia ya bei nafuu ni programu za kompyuta zinazoiga Odyssey. Zinasaidia kuelewa sheria na kuona umbo la mchezo, ila mtu azitumie akijua kilichomo. Kwa mashine zilizokuja baadaye, kinachofanyika ni kuchukua programu halisi ya mchezo na kuiendesha ndani ya kompyuta, hivyo mchezo unaopatikana ni uleule. Odyssey haina programu ya kuchukuliwa. Mtengenezaji analazimika kuitazama saketi inavyofanya kazi na kuandika upya kitu kinachofanana nayo. Ile hali ya nukta kutetereka kidogo na mpira kufuata mkono kwa ulaini kidogo ni sifa za umeme wa analogi, na kuiigiza kwa kibodi au kipanya kunaacha mengi njiani. Niliyojaribu ilikuwa nzuri kwa macho, lakini upindaji wa mpira ulikuwa mkavu, wa kupanda na kushuka kwa ngazi.

Kwa anayeamua kununua mashine yenyewe, kupatikana kunapatikana: inakadiriwa ziliuzwa kama 350,000 kabla ya uzalishaji kukoma mwaka 1975. Kigumu ni kuipata iliyokamilika. Plastiki huchanika na kupotea, kadi za karatasi na fedha za bandia hutawanyika, na boksi lililojaa kila kitu hugharimu zaidi sana. Kwa ajili ya michezo miwili niliyoisifu, si lazima mtu alipie hayo yote. Vidhibiti viwili, kadi za tenisi, kisanduku cha antena na plastiki ya uwanja wa tenisi vinatosha, na kwa tenisi ya meza hata plastiki haihitajiki. Fungua sehemu ya betri uangalie kama kuna ukungu wa betri zilizovuja. Zungusha kila swichi taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukiitazama nukta: ikirukaruka badala ya kuteleza, swichi ina uchafu ndani, na kwa kawaida fundi wa redio anaweza kuisafisha. Muuzaji asipoweza kukuonyesha nukta zote tatu zikiwaka kwa pamoja na mpira ukipinda kwa swichi za pande zote mbili, tafuta nyingine.